AC inapoza dakika 20 halafu inakata: usikubali kuongezewa gesi mara ya tatu

Swali: Kaka, habari za kazi. Nina AC ya ukutani ya BTU 12,000 chumbani, hapa Mbezi Beach. Ina miaka minne, si ya inverta. Tangu Desemba imeanza kujizima. Nikiwasha saa moja jioni inapoza vizuri kabisa kama dakika 20, kisha inabaki kupuliza hewa ya kawaida tu, taa zake zinawaka kama hakuna kilichotokea. Inakaa hivyo nusu saa, wakati mwingine zaidi, halafu inarudi kupoza. Cha ajabu, kuanzia saa nane au tisa usiku inakwenda mpaka asubuhi bila kukata. Fundi wa kwanza aliongeza gesi. Baada ya wiki tatu wa pili naye akaongeza. Wa tatu anasema kompresa imekufa, bora ninunue AC nyingine. Mashine ya nje iko nyuma ya nyumba, tuliizungushia boksi la nondo kwa ajili ya wezi. Nifanyeje?

Jibu: Kazi inakwenda, dada. Hela ya AC mpya iache kwanza ilipo. Kompresa, ile pampu ya mashine ya nje inayosukuma gesi, ikishakufa haifufuki saa tisa usiku ikapiga kazi mpaka alfajiri. Hiyo yako ingali nzima, ila inazidiwa na joto, na kila ikizidiwa inajikata isiungue. Tena maelezo yako mwenyewe, hizo dakika 20, hiyo nusu saa ya kusubiri na huo usiku usio na shida, yamenipa mengi kuliko geji za mafundi wote watatu.

Tukisema AC "imejizima" tunachanganya mambo matatu. Kuna inayozima yote, taa hakuna, rimoti haijibu: hapo unatafuta umeme ulikokatikia, plagi, gadi (kile kilinzi cha umeme) au bodi ya ndani, ile sakiti inayotoa amri. Kuna inayoangusha breka: hiyo usiirudishe juu mara ya pili na ya tatu ukitegemea itachoka yenyewe, kuna waya uliogusana au kompresa inayovujisha umeme kwenye bodi yake ya chuma, aitwe fundi umeme. Na kuna ya kwako: ya ndani inaendelea kupuliza, ya nje imeacha kazi. Hii ya tatu ndiyo inayowalisha mafundi wababaishaji, kwa sababu mwenye nyumba anahisi hewa si ya baridi, na neno la kwanza linalomjia mtu kichwani hewa ikikosa baridi ni gesi.

Leo jioni fanya hivi. Weka rimoti kwenye 18, ili tusije tukaisingizia kwa kosa la kutimiza kazi yake. AC isiyo ya inverta chumba kikifika kiwango ulichoweka huwa inasimamisha kompresa kwa makusudi, na chumba kidogo kikiwa kimefungwa vizuri kwenye 26 kinaweza kufika upesi. Kwenye 18, jioni ya Dar es Salaam ya mwezi wa pili, haifiki kwa dakika 20. Halafu subiri ikate. Ikikata tu, chukua tochi uende nyuma ya nyumba usikilize mashine ya nje.

Ukikuta feni ya nje inazunguka lakini ule mngurumo mzito wa kompresa haupo, bodi ya ndani haina kosa. Kwenye AC nyingi za aina yako feni ya nje na kompresa vinapewa umeme na rilei moja, yaani swichi inayoendeshwa na bodi, iliyo ndani. Feni ikiwa inazunguka, basi umeme umefika. Kompresa ndiyo iliyokataa. Ukikuta vyote viwili kimya, amri imetoka ndani: sensa ya joto inadanganya, au koili ya ndani (yale mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa) imeganda barafu na bodi imeikinga. Ukikuta feni imesimama au inajikokota huku kompresa ikinguruma kwa shida, mhalifu ni feni au kapasita yake ndogo (kile kikopo kinachoisaidia kuanza), na kompresa inabeba dhambi isiyo yake.

Kwa ulivyoeleza, naweka dau kwenye la kwanza. Sababu ni ile nusu saa. Bodi ikisimamisha kompresa kwa amri yake, inaisubirisha kama dakika tatu hivi kabla ya kuiwasha tena, ili mgandamizo wa ndani ya mabomba usawazike. Nusu saa si ya bodi. Nusu saa ni muda wa chuma kupoa. Ndani ya kompresa, au juu yake chini ya kile kifuniko cheusi, kuna ovalodi: kisahani kidogo cha madini mawili yaliyobandikwa pamoja, ambacho kikipata moto kupita kiasi, kwa joto au kwa umeme mwingi unaopita, kinapinda na kukata njia. Kompresa ni donge zito la chuma lenye mafuta ndani, limefungwa kila upande, kwa hiyo linapoa polepole. Kisahani kikipoa kinarudi mahali pake kwa mlio mdogo, tak, na mashine inaanza upya. Hicho kisahani ndicho kilichokuokolea AC yako tangu Desemba.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni moja: kompresa inapata moto kwa nini saa moja jioni na si saa tisa usiku?

Naanza na boksi la nondo, maana hapo ndipo ningeanza hata kama ungenipa sababu nyingine kumi. Kazi ya mashine ya nje ni kutupa joto lililotolewa chumbani kwako. Inavuta hewa kwa nyuma na ubavuni, inaipitisha kwenye mapezi ya koili, inaitema mbele ikiwa ya moto. Ile hewa ya moto ikikosa pa kwenda inageuka, inavutwa tena, inatemwa ikiwa ya moto zaidi. Niliitwa Msasani kwenye nyumba yenye malalamiko kama yako. Boksi lilikuwa la nondo, sawa, lakini mchomeleaji aliweka bati juu lisinyeshewe na wavu mzito mbele kuzuia panya, na boksi lenyewe lilikuwa limebana mashine kiasi kwamba kiganja hakipiti nyuma. Majani makavu ya mwembe yalikuwa yamejaa hadi nusu ya koili. Nilipenyeza kipimajoto nyuma ya mashine ikiwa inafanya kazi: nyuzi 47. Mimi niliyesimama hatua mbili pembeni nilikuwa kwenye 31. Mashine ilikuwa inavuta pumzi yake yenyewe. Tulikata bati, tukaondoa wavu, tukasogeza boksi, na gesi hatukuigusa.

Kwako jaribio ni la bure. Jioni moja ukiwa nyumbani, fungua mlango wa boksi, ondoa chochote kilichozuia mbele na juu, uiache hivyo mpaka saa nne usiku ukiwa macho (wezi hatujawasahau). Ikienda saa nzima bila kukata, umeshajua. Nondo zenyewe hazina ubaya, zinapitisha hewa. Tatizo ni bati, wavu wa matundu madogo na kubana. Mbele ya mashine kunahitajika uwazi wa mita moja hivi, nyuma usipungue upana wa kiganja kilichotandazwa, na maelekezo ya mtengenezaji mara nyingi yanadai zaidi ya hapo.

Sasa koili yenyewe. Miaka minne Mbezi Beach ni miaka minne ya upepo wa bahari. Chumvi inaganda kwenye mapezi, vumbi linashika juu ya chumvi, na baada ya muda mapezi ya alumini yanaanza kubomoka kama biskuti iliyoota unyevu. Muulize fundi, ile "sevisi" aliyofanya, ya nje aliigusa? Wengi wanaosha filta na koili ya ndani kwa sababu ndiko mwenye nyumba anakoangalia, ya nje inapigwa kitambaa juu ya bodi, basi. Kuosha unaweza hata wewe. Zima breka, si rimoti tu. Tumia mpira wa kawaida wa maji, bila presha kubwa. Mashine za kuoshea magari zinalaza mapezi na ukishayalaza umeziba mwenyewe. Upande wenye boksi la waya, mara nyingi kulia, usiupigie maji. Acha ikauke kabisa ndipo uwashe. Maji yakitoka meusi kama ya kufulia jinzi mpya, usishangae.

Kwenye gesi nitakaa kidogo, maana ndiko hela yako ilikokwenda. Gesi ya AC si mafuta ya gari. Haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na AC iliyofungwa vizuri inaweza kukaa na gesi ileile tangu siku ya kwanza hadi inatupwa. Ikipungua, kuna inapovujia, na mara nyingi ni kwenye zile nati za kuungia mabomba. Utaona alama ya mafuta yaliyoshika vumbi, na povu la sabuni litachemka. Fundi anayeongeza bila kutafuta uvujaji amekuuzia wiki tatu. Lakini sina hakika hata kama yako ilikuwa inavuja. AC yenye gesi pungufu haipozi vizuri tangu dakika ya kwanza, na bomba jembamba la nje, pale linapoingia kwenye valvu, linashika barafu. Wewe umesema inapoza vizuri kabisa dakika 20. Hiyo si AC yenye njaa.

Hofu yangu ni kinyume chake, kwamba sasa ina gesi nyingi. Gesi ikizidi, mgandamizo wa upande wa moto unapanda, kompresa inasukuma mzigo mkubwa, inakula ampia zaidi, inachemka mapema. Ungeniambia kwamba baada ya fundi wa pili ilianza kukata haraka kuliko zamani, nisingeuliza la zaidi. Kwenye kibandiko cha mashine ya nje pameandikwa aina ya gesi na uzito wake, kwa mfano R-410A na gramu mia kadhaa. Gesi hiyo, na R-32 vilevile, inajazwa kwa mizani, si kwa kukisia kwenye geji. Fundi aitoe iliyomo kwenye mtungi wake, si kuiachia hewani, avute mabomba kwa pampu ya vakyumu, ajaze uzito ulioandikwa. Akikuambia mizani hana, mshukuru, umlipe nauli. Na kama ni R-32, mkumbushe kuwa inaweza kushika moto, asije na kiberiti cha kuchomea kabla ya kuitoa yote. R-22 ya zamani ambayo mafundi wengi walijifunzia inazidi kuondolewa sokoni kwa Itifaki ya Montreal ya 1987, na vipimo vyake vya geji havihamishiki: mashine ya R-22 inasoma kama psi 65 (psi ni kipimo cha mgandamizo) upande wa baridi, wakati ya R-410A inayofanya kazi sawasawa inasoma karibu mara mbili ya hapo. Ukisomea moja kwa macho ya nyingine unaharibu.

Halafu umeme. Hapa ndipo saa moja jioni inapopata maana ya pili, maana muda huo kila nyumba imewasha jiko, pasi, hita na AC yake. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230. Ukishuka, taa ya nyumbani inafifia kidogo na hakuna anayejali, lakini mota ya kompresa ina mzigo uleule wa kusukuma, kwa hiyo inafidia kwa kuvuta ampia nyingi, na ampia nyingi ni moto. Chini ya 200 sipendi kuona kompresa ikifanya kazi. Saa tisa usiku mtaa umelala, volti zimepanda, hewa ya nje imepoa. Hata joto peke yake lingetosha kueleza tofauti, lakini kwako naona yote mawili yanasaidiana.

Nunua au azima kile kidude kidogo cha kuchomeka ukutani kinachoonyesha volti, kipo madukani Kariakoo, si ghali. Chomeka chumbani, soketi iliyo karibu na AC. Pima mara tatu: saa nane mchana, saa mbili usiku, saa tisa usiku ukiamka. Kila mara andika AC ikiwa imezimwa na kompresa ikiwa inanguruma. Kama imezimwa inasoma 225 na kompresa ikianza inaanguka hadi 198, mara nyingi ubovu uko ndani ya nyumba yako: waya mwembamba, kiungio kilicholegea, au AC imeungwa kwenye laini ya soketi pamoja na friji na pasi. AC ya BTU 12,000 inavuta kama ampia tano ikiwa kwenye mwendo, na mara kadhaa zaidi inapoanza; ipewe waya wake yenyewe wa milimita za mraba 2.5 na breka yake. Kama inasoma 195 hata ikiwa imezimwa, tatizo linatoka barabarani. Hapo toa taarifa kwa shirika la umeme ukiwa na namba zako mkononi, na ukipenda kutosubiri, tafuta stabilaiza ya angalau kVA 3. Ile ndogo ya televisheni usiijaribu. Kumbuka pia kwamba gadi na stabilaiza ni vitu viwili. Gadi inakata umeme ukiwa mbaya, haiutengenezi. Na kama ingekuwa gadi ndiyo inayokata kwako, hata ya ndani ingezimika.

Ukiwa hapo hapo, zima, kisha shika plagi ya AC kama inatumia plagi. Ikiwa ya moto kiasi cha kurudisha mkono, au mguu mmoja wa soketi umebadilika rangi kuwa kahawia, hiyo ni kazi ya leo, si ya wiki ijayo. Nyumba zinaungua hivyo.

Kapasita nimeiweka mwisho kwenye sababu kubwa, ingawa mafundi wazuri wangeipima kwanza kwa sababu ni dakika mbili. Ni kopo la bati lenye ukubwa wa kopo la maziwa, ndani ya mashine ya nje, linaloisaidia kompresa kuanza na kuzunguka. Limeandikwa namba, tuseme 35. Joto la boksi lililobana linalichosha. Likipimwa likasoma 26, kompresa inazunguka kwa taabu na inachemka. Wakati mwingine huhitaji hata mita, kichwa cha kopo kimevimba. Bei yake si kitu ukilinganisha na kompresa. Lakini dada, hili usifungue wewe. Kapasita inatunza umeme hata breka ikiwa chini, na inakung'ata ukidhani uko salama.

Yapo mengine ambayo kwako siyaoni lakini jirani yako anaweza kuwa nayo. Taimu iliyowekwa na mtoto akichezea rimoti. Hali ya kulala inayopandisha nyuzi usiku. Filta iliyoziba mpaka koili ya ndani inaganda, hewa inapungua nguvu na maji yanadondoka kitandani. Taa inayopepesa kwa mpangilio au maandishi kama E1 kwenye kioo, ambayo maana yake inatofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo piga picha kabla hujazima, ndiyo ushahidi wa fundi. Na wadudu. Usicheke. Sisimizi wanapenda rilei kwa joto lake, wakibanwa kati ya ncha zake umeme haupiti tena. Kigamboni nilifungua boksi la waya nikamkuta mjusi amekaukia juu ya vituo viwili vya waya, mkia huku, kichwa kule, kama amebandikwa kwa gundi. Bodi mpya ilishaagizwa. Nilimtoa kwa bisibisi, nikasafisha masizi, nikakaza waya, ikawaka.

Fundi wa nne akija, mpokee na klampu mita, ile inayobana waya na kusoma ampia bila kuukata. Kama hana, hana cha kupima. Kabla hajagusa valvu ya gesi, asome ampia za kompresa ikiwa imewaka dakika 15, mlinganishe na zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kibandiko kikisema 5.1 na mita ikasoma 7, ndio huo moto. Kisha aoshe koili ya nje, boksi likiwa wazi, asome tena. Kisha kapasita. Kisha volti kwenye vituo vya kompresa yenyewe, si ukutani. Gesi iwe ya mwisho, kwa mizani. Mpangilio huu ukifuatwa, kila hatua inakuonyesha imeshusha ampia ngapi, na hapo hakuna wa kukudanganya.

Kompresa nitaikubali kuwa mbovu yakitimia haya: koili safi, boksi wazi, gesi kwa uzito, kapasita mpya, volti zaidi ya 220, na bado inakula ampia kupita kibandiko na kukata. Au fundi akipima kati ya waya za kompresa na bodi yake ya chuma akakuta umeme unavuja. Hapo kweli kompresa imeumia. Na hata hapo, kwa AC ya BTU 12,000 yenye miaka minne ya chumvi, mimi nisingebadilisha kompresa. Ningenunua mashine nzima ya inverta na kulijenga upya lile boksi kabla haijafungwa. Ukiweka mashine mpya ndani ya boksi lilelile, Desemba ijayo tutaandikiana tena.

Anza na mlango wa boksi leo jioni. Nikipata volti zako za mara tatu na ulichosikia nyuma ya nyumba ilipokata, nitakuambia kama kuna haja ya kumwita fundi kabisa.